Amour: Neno na Wanawake Waliolihoji



Tarehe 14 Februari mwaka 842, wajukuu wawili wa Charlemagne walikutana Strasbourg, kila mmoja na jeshi lake nyuma yake. Louis alikuwa akitawala mashariki, kwenye nchi za Wajerumani. Charles alikuwa magharibi, katika eneo ambalo baadaye liliitwa Ufaransa. Kaka yao mkubwa, Lothaire, alitaka kuwameza wote wawili, nao wakaamua kula kiapo cha kusaidiana dhidi yake. Askari wa pande hizo mbili hawakusikilizana lugha. Kwa hiyo kila mfalme aliapa kwa lugha ya askari wa mwenzake, wasikie kwa masikio yao na wawe mashahidi siku kiapo kikivunjwa. Binamu yao Nithard, aliyekuwa mpiganaji na pia mwandishi, aliyahifadhi maneno yale katika kitabu chake. Hayo ndiyo maandishi ya kale kuliko yote tuliyo nayo ya lugha iliyokuja kuwa Kifaransa, na neno la tatu katika kiapo hicho ni amur: upendo.

Tarehe ile isiwachanganye. Desturi ya kuifanya siku ya Valentino kuwa siku ya wapenzi ilikuja karne ya 14. Waliokuwa Strasbourg walikuwa wanaume wenye silaha, baridi ya Februari ikiwauma, wakimtaja Mungu na upendo wake ili kufunga mkataba wa vita. Katika Kifaransa cha kale neno hilo liliendelea kutumika hivyo kwa muda mrefu, kwa upendo wa Mungu, na kwa mapatano na amani baina ya bwana na watu wake. Mtu aliyemwambia bwana wake kwamba ana amour kwake hakuwa akieleza moyo wake. Alikuwa akisema yuko upande gani.

Nimeanzia huko kwa sababu nafundisha Kifaransa, na wanafunzi wengi huingia darasani wakiamini kwamba amour ni neno la maua, mishumaa na mji wa Paris. Mimi naliona ni neno lenye mamlaka. Anayelitamka anadai kitu, iwe utii, msamaha, sifa, au hata maisha ya mtu. Na kwa jinsi ninavyosoma historia yake, waliolielewa kwa undani zaidi ni wanawake waliosimama mbele yake wakauliza: gharama hii nani anailipa?

Niseme kwanza jambo moja kuhusu umbo la neno lenyewe, kwa kuwa ndani yake kuna habari. Maneno ya Kilatini yaliyoishia kwa -orem yalipofika katika Kifaransa yalichukua mwisho wa -eur: dolorem likawa douleur, maumivu, florem likawa fleur, ua, colorem likawa couleur, rangi. Kwa kanuni hiyohiyo, amorem lilipaswa kuwa ameur. Na umbo hilo lilikuwapo. Lilitumika kwa wanyama, kwa majira yao ya joto. Umbo tunalolijua leo lilipata nguvu kutoka kusini, katika lugha ya Kioksitani, pamoja na nyimbo za washairi walioitwa trubaduri. Watu wa kaskazini walikuwa na neno lao la nyumbani, wakaliachia mifugo, wakachukua la wageni kwa ajili ya binadamu.

Trubaduri wa kwanza tunayemjua kwa jina ni Guillaume wa 9, mtawala wa Aquitaine, aliyezaliwa mwaka 1071 na kufariki mwaka 1126. Baada yake walikuja mamia, na walichokiimba walikiita fin'amor, mapenzi yaliyosafishwa. Mwanamume anampenda mwanamke wa daraja la juu, mara nyingi mke wa mtu. Anamtumikia, anasubiri, anateseka, na mateso hayo yanamfanya kuwa mtu bora. Mshairi humwita mpenzi wake midons, na tafsiri yake hasa ni “bwana wangu”. Lugha yote ya utumishi wa kikabaila imehamishiwa kwa mwanamke. Anapigiwa magoti, lakini yeye mwenyewe hasemi. Katika nyimbo nyingi hana jina, hana shughuli, hana hata maoni kuhusu huyo anayelia mlangoni kwake.

Wapo wanawake wa wakati ule waliotunga pia, na majina ya baadhi yao yamehifadhiwa. Mmoja anaitwa Comtessa de Dia. Wimbo wake mmoja umetufikia pamoja na muziki wake, bahati ambayo hakuna mtunzi mwingine wa kike wa kundi hilo aliyeipata. Ndani yake mwanamke anasema waziwazi kwamba ametendewa vibaya na mtu aliyempenda, na anauliza sababu. Hapigiwi magoti wala hapigi magoti. Ukiusoma baada ya nyimbo ishirini za wanaume wanaosifu mateso yao, unashangaa jinsi hewa inavyobadilika.

Sasa twende Paris, miaka karibu mia mbili baadaye. Kitabu kilichotawala fikra za watu kuhusu mapenzi kilikuwa shairi refu liitwalo Roman de la Rose. Guillaume de Lorris alilianza mnamo 1230, akaandika mistari ipatayo 4,000. Miaka kama arobaini baadaye Jean de Meun akaliendeleza kwa mistari karibu 18,000 zaidi. Sehemu ya kwanza ni ndoto ya kijana katika bustani, akilitamani waridi. Sehemu ya pili imejaa elimu, kejeli na maneno makali dhidi ya wanawake: kwamba ni waongo, hawatunzi siri, na mwerevu ni yule anayewapata kwa hila. Waridi mwishowe linachumwa, kwa lugha ya kijeshi, kama ngome inayovunjwa. Wasomi wakubwa wa Ufaransa walikipenda kitabu hiki.

Mwaka 1399 mwanamke mmoja aliandika shairi ambamo mungu wa Mapenzi mwenyewe anapokea malalamiko ya wanawake, na kati ya mwaka 1401 na 1402 akaingia katika mabishano ya barua na makatibu wa mfalme kuhusu Roman de la Rose. Jina lake ni Christine de Pizan. Alizaliwa Venice mwaka 1364, akaletwa Ufaransa akiwa mtoto kwa kuwa baba yake aliitwa kuwa mnajimu wa mfalme Charles wa 5. Alifiwa na mume akiwa na umri wa miaka kama 25, akabaki na watoto watatu, mama yake mzazi, na kesi za madeni zilizomsumbua miaka mingi. Aliishi kwa kalamu, jambo ambalo mwanamke wa Ulaya ya wakati ule alikuwa nadra sana kulifanya.

Nawaomba mumsome Christine kwa makini, kwa maana hoja yake hudharauliwa kama hoja ya mtu mwenye haya tu. Ndiyo, alichukizwa na matusi. Lakini swali lake lilikwenda mbali zaidi. Kama wanawake ni dhaifu na wepesi kama mnavyosema, aliuliza, kwa nini mnahitaji hila nyingi namna hii kuwapata? Ngome iliyo wazi haivunjwi kwa mizinga. Na alisema kwamba maneno ya kitabu yana matokeo nje ya kitabu: mume anayesoma kwamba wanawake wote ni waongo anafunga kitabu, anageuka, na mke wake yuko palepale chumbani. Makatibu wa mfalme walimjibu kwa dharau, kwamba mwanamke anathubutuje kumsahihisha mwandishi mkubwa. Jean Gerson, mkuu wa Chuo Kikuu cha Paris, akasimama upande wake. Kwangu mimi, barua hizo ni mwanzo wa ukosoaji wa fasihi kama kazi yenye wajibu kwa walio hai.

Karne ya 17 ninataka tukae nayo kidogo, maana kuna kitu ninachotaka mkitazame kwa karibu. Ni ramani.

Mwaka 1654 ilitoka juzuu ya kwanza ya riwaya iitwayo Clélie, ambayo hatimaye ilifika juzuu 10. Jalada lilikuwa na jina la Georges de Scudéry, lakini mwandishi alikuwa dada yake, Madeleine. Alizaliwa mwaka 1607, akafariki mwaka 1701, na hakuolewa. Jumamosi alikusanya marafiki nyumbani kwake, mtaa wa Marais, Paris, wakazungumza na kusomeana walichoandika. Katika riwaya hiyo mwanamume anamwuliza Clélie afuate njia gani ili atoke kwenye urafiki mpya hadi kwenye moyo wake. Naye anamchorea ramani ya nchi iitwayo Tendre, nchi ya moyo mwororo.

Chini ya karatasi kuna mji wa Urafiki Mpya. Katikati unapita mto uitwao Mvuto, unaokwenda kasi hata kandokando yake hakuna mahali pa kulala. Anayependwa kwa mvuto hufika bila kusimama popote. Kulia na kushoto kuna njia mbili za miguu. Ya kwanza inakwenda kwenye mji uliojengwa juu ya Heshima. Msafiri anapita Mashairi Mazuri, kisha Barua Tamu, lakini safari haiishii hapo. Lazima aendelee hadi Ukweli wa Moyo, Uadilifu, Ukarimu, Staha na Wema. Njia ya pili inakwenda kwenye mji wa Shukrani, na vijiji vyake ni kama Huduma Ndogondogo, Kujituma na Urafiki wa Kudumu. Anayepotea upande mmoja huanzia Uzembe, akaenda Kigeugeu, kisha Uvuguvugu, kisha Usahaulifu, na mwisho anajikuta ufukweni mwa Ziwa la Kutojali. Anayepotea upande wa pili hupita Usaliti na Kusengenya hadi Bahari ya Uadui. Juu kabisa, mto unamwaga maji katika Bahari ya Hatari, na ng'ambo ya bahari hiyo kuna nchi ambazo ramani inaziita zisizojulikana.

Molière aliwacheka wanawake wa aina hii jukwaani mwaka 1659, na tangu hapo imekuwa rahisi kuiona ramani ile kama mchezo wa mabibi wasio na kazi. Naikataa hukumu hiyo. Angalieni ilichorwa wakati gani. Binti wa familia yenye mali aliozwa na baba yake, kwa mahari na kwa hesabu za ukoo. Hakuulizwa. Scudéry anachora nchi ambayo ndani yake mwanamke ndiye anayejua njia, na mwanamume ndiye anayeuliza. Pia anasema kwamba mapenzi yana hatua, kwamba kila hatua ni tendo linaloonekana, na kwamba mashairi na barua ni vijiji vya njiani tu. Bahari ya Hatari ameiweka nje ya mipaka kwa makusudi: huko kulikuwa na mimba, aibu na kifo cha uzazi, na gharama hizo zilikuwa za mwanamke peke yake.

Wanafunzi wa falsafa wataniuliza kuhusu Rousseau. Mwaka 1755 alitofautisha kujipenda kwa asili, kunakomfanya kila kiumbe ajilinde, na amour-propre, ile hali ya kujipima kwa macho ya wengine, ambayo aliiona kuwa chanzo cha husuda na dhuluma. Ni tofauti yenye thamani kubwa, nami huifundisha kwa furaha. Mwaka 1761 riwaya yake Julie iliwaliza wasomaji Ulaya nzima kwa habari za mapenzi safi. Lakini kwa maelezo yake mwenyewe, watoto watano aliozaa na Thérèse Levasseur walipelekwa kwenye nyumba ya watoto wa kuokotwa, na Thérèse hakutaka. Sisemi hili ili tuvichome vitabu vyake. Nasema kwamba katika historia ya neno hili Thérèse naye ni shahidi, na hakuna aliyechukua maelezo yake.

Kisha ikaja sheria, na hapa neno likapata meno. Sheria ya ndoa ya Napoléon, ya mwaka 1804, iliamuru kwamba mume anapaswa kumlinda mke na mke anapaswa kumtii mume. Sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 1810 ikaongeza kifungu cha 324: mume akimfumania mkewe na hawara ndani ya nyumba ya ndoa, akawaua palepale, kosa lake linasamehewa sehemu kubwa ya adhabu. Wafaransa walikiita kifungu chekundu. Mke aliyemfumania mume hakupewa nafasi kama hiyo. Mke aliyezini alifungwa kuanzia miezi mitatu hadi miaka miwili. Mume alitozwa faini tu, tena pale alipomweka suria ndani ya nyumba ya ndoa.

Nje ya kifungu hicho, mahakamani na magazetini, kukazuka msemo crime passionnel, jinai ya mahaba. Sheria haikuwa na kosa la jina hilo, lakini raia waliokaa kuamua kesi walilijua vizuri. Mshtakiwa alilia, wakili akasimulia mapenzi yaliyopindukia, ukumbi ukasikitika, na mtu akaachiwa. Kesi iliyovuma kuliko zote ni ya mwanamke, Henriette Caillaux, mke wa waziri wa fedha. Tarehe 16 Machi 1914 aliingia ofisi ya gazeti la Le Figaro akiwa ameficha bastola, akampiga risasi mhariri Gaston Calmette, aliyekuwa akimwandama mumewe na aliyekwisha kuchapa barua yake ya siri. Utetezi ulisema mwanamke hutawaliwa na hisia, hajui afanyalo. Akaachiwa tarehe 28 Julai, siku ambayo Austria ilitangaza vita dhidi ya Serbia. Watu husema kesi hii yaonyesha kwamba huruma ya mahakama iliwafikia hata wanawake. Mimi naona alinunua uhuru wake kwa kukubali kwamba hana akili timamu, na bei hiyo ililipwa na kila mwanamke aliyetaka kura, kazi au sauti.

Kifungu cha 324 kilifutwa mwaka 1975. Ndiyo, 1975, wapo ukumbini humu waliokuwa wamekwisha kuzaliwa. Magazeti yaliendelea na msemo wao kwa miongo mingine, na jamaa wa waliouawa wakaendelea kusoma kwamba binti yao alikufa kwa kupendwa mno. Mwaka 2019 kuta za Paris zilibandikwa usiku karatasi nyeupe zenye herufi nyeusi kubwa, zikitaja wanawake waliouawa na waume au wapenzi wao, na neno féminicide likaingia katika midomo ya watu wa kawaida. Wanawake waliobandika karatasi hizo walikuwa wakiitoa maiti kwenye hadithi ya mapenzi na kuirudisha kwenye hesabu ya mauaji.

Mwaka 1949 una nafasi ya pekee katika habari hii. Mwaka huo Simone de Beauvoir alichapisha Le Deuxième Sexe, na ndani yake kuna sura kuhusu mwanamke aliyezama katika mapenzi. Hoja yake ni kwamba msichana hulelewa ayaone mapenzi kuwa maisha yake yote, hali mvulana hulelewa ayaone kuwa sehemu moja ya maisha yake, kisha wote wawili wanaitana kwa neno lilelile na kudhani wamekubaliana. Hakuwa adui wa mapenzi. Alitaka yawe kati ya watu wawili walio huru, kila mmoja na kazi yake duniani. Mwaka 1956 Vatican ilikiweka kitabu hicho katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa.

Na ni mwaka huohuo wa 1949, New York, Edith Piaf alipoanza kuimba Hymne à l'amour, maneno yake mwenyewe kwa muziki wa Marguerite Monnot. Mwanamke katika wimbo huo yuko tayari kuacha kila kitu, nchi na marafiki, kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu mwenyewe, bondia Marcel Cerdan, alikufa katika ajali ya ndege Oktoba mwaka huo. Tarehe 26 Julai 2024 Céline Dion aliuimba juu ya mnara wa Eiffel katika ufunguzi wa Olimpiki, na dunia ikanyamaza kusikiliza. Ni rahisi kusema Piaf aliimba kilekile Beauvoir alichokuwa akikipinga. Lakini Piaf, aliyekulia katika umaskini, alikuwa kiongozi wa kazi yake mwenyewe na aliwainua jukwaani vijana kama Yves Montand. Mwanamke aliyeandika kwamba angeacha kila kitu hakuacha kuandika. Nguvu ya wimbo ule naiona hapo.

Kuna jambo linalotugusa sisi kwa karibu. Kifaransa kilifika Kongo na Wabelgiji, na sheria za Ubelgiji zilikuwa zimerithi zile za Napoléon. Bukavu na Lubumbashi leo utasikia Kiswahili kilichobeba chérie na mon amour bila kujikwaa, na rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2021 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, imeyasambaza maneno hayo hadi Nairobi na Dar es Salaam. Lakini meli iliyoleta maneno matamu ilileta pia ile amri ya mwaka 1804. Ufaransa iliifuta amri ya mke kutii mwaka 1938. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 iliiandika upya, ikamtaka pia mke aliyeolewa apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kisheria katika mambo mengi. Sharti hilo la idhini liliondolewa mwaka 2016. Kwa karibu miaka thelathini, basi, mwanamke wa Bukavu aliitwa mon amour redioni asubuhi, na mchana hakuweza kutia sahihi mkataba bila ruhusa.

Nina ombi kwa wanafunzi wa shahada za juu waliomo humu. Miaka ya 1980 sauti ya mwimbaji wa Kongo Mbilia Bel, akiwa na bendi ya Afrisa ya Tabu Ley, ilisikika katika baa na nyumba za Afrika Mashariki yote. Wengi tuliisikia kama sauti ya mwanamke akieleza moyo wake. Nyingi ya nyimbo hizo zilitungwa na Tabu Ley. Tunahitaji mtu wa kukaa nazo, zile za Kilingala na zile za Kiswahili cha mashariki ya Kongo, wimbo kwa wimbo, na kuandika: nani alitunga, nani anasema, nani ananyamazishwa, amour linatajwa wapi na linadai nini pale linapotajwa. Kisha aende Bukavu na Lubumbashi awaulize waimbaji wa kike wa leo wanaojiandikia wenyewe. Kazi hiyo yahitaji msomi ajuaye lugha zote tatu, na chuo hiki kinao.